Saba Kati ya Kumi

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yalianza kabla jua halijachomoza, na fundi bomba na binti yake walifika ofisini kwa mshauri wa masomo viatu vikiwa vimelowa. Wote wawili walikuwa wameomba ruhusa kazini.

Mshauri aliitikia salamu zao, akawaonyesha viti, akafungua faili la maombi ya kuhamia chuo kikuu kile kikubwa cha mbali. Hakuinua macho tena.

"Mimi hapa napima karatasi, sipimi sura," alisema. "Mwenye faili asianze kujitetea."

Binti alikunja mikono mapajani. Alfajiri alikuwa amepiga magoti, akamwomba Mungu uhamisho ukubaliwe. Kisha, kabla ya kusema amina, akamwomba pia ukataliwe. Sasa aliona haya hata kuomba tena. Lakini chuo kile kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi, na tangu mama afariki nyumba ilibaki na watu wawili tu. Aliiona meza ikiwa na mtu mmoja, redio ikijisemea yenyewe.

"Mwaka jana waliomba watu mia tatu na kumi," mshauri alisema. "Wakachukuliwa ishirini na wawili."

Moyo wa binti ukatulia. Akajichukia kwa kutulia.

"Lakini hapa naona A tano za masomo ya jioni, na mchana kutwa ni kazini. Barua ya mhadhiri nayo..." Mshauri akacheka kidogo. "Anasema darasa likipiga kelele, mwanafunzi huyu akiwatazama tu wenzake, wananyamaza. Mtu wa namna hiyo hata mimi namhitaji hapa."

Fundi alikohoa, akaizungusha kofia yake magotini.

"Ila hii D ya takwimu, muhula wa tatu, wataiuliza."

"Mama alifariki muhula ule," binti alijikuta amejibu.

"Poleni sana." Mshauri aliandika kitu pembeni. "Basi iandikwe hivyo hivyo kwenye barua ya maombi. Msiba si aibu." Akalifunga faili. "Kati ya kumi, nampa saba."

"Saba?" binti aliuliza.

"Saba. Tatu zilizobaki si za alama, ni za nyumbani." Alivua miwani, akawatazama kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Watatu wa mwisho niliowapeleka kule waliitwa na watu wao kabla ya mwaka kuisha. Huyu nyumbani kuna mgonjwa, yule duka halina mtu, mwingine wamemkumbuka tu basi. Na kule ukishatoka, hawakurudishi. Kwa hiyo siku hizi sitii sahihi mpaka anayebaki nyumbani asimame, aahidi kwa sauti, watu wakisikia."

Akafungua mlango, akamwita karani na mama wa usafi. Wakaja wakasimama karibu na kabati, kama watu waliokwisha kuizoea kazi hiyo.

"Haya tusikie," mama wa usafi alisema, "sakafu yangu inakauka vibaya."

Binti alimwona baba yake akitikisa kichwa polepole, kama anayetaka kusema basi, yaishe, turudi nyumbani. Alifumba macho. Safari hii aliomba jambo moja tu: nguvu za miguu.

Akasimama.

"Mimi ndiye ninayebaki," alisema. "Baba, nenda ukasome. Naahidi mbele ya hawa: hata nikiumwa, hata nyumba ikinielemea, sitakuita mpaka umalize."