Mlipuko Usio Duara

Nyota kibete nyeupe ilikuwa imelipuka mbali huko, na Mashavu akakizungusha mbele ya darubini kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Kama mlipuko ni duara, mwanga haubadiliki hata ukikigeuza vipi.

Namba za mwangaza kwenye skrini zikaporomoka.

Miaka tisa alikuwa akisema kwamba milipuko ya namna hii si duara, na bado yeye ndiye aliyeshtuka kwanza.

“Umeichezea mashine, wewe mfuta vioo!” Dokta Kibwe, mkuu wa kituo, akafoka.

“Si umeifunga kwa mkono wako, Dokta? Haya, zungusha mwenyewe.”

Akazungusha. Zikaporomoka tena. Dokta akakaa sakafuni kama gunia.

Mashavu akamwekea mapajani karatasi iliyochakaa, ule mchoro wake wa mlipuko uliobonyea upande mmoja, ambao Dokta aliutia alama nyekundu ya kosa mbele ya watu. Kalamu nyekundu bado ilichomoza mfukoni mwa shati la Dokta.