Ufa Chini ya Kuba

Marjan alikuwa ameketi safu ya nyuma, kando ya nguzo aliyoipiga lipu yeye mwenyewe, mchanga ulipoanza kumdondokea shingoni.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza katika msikiti mpya wa Makindye. Shehe alikuwa mimbarini akiusifu msikiti mkuu wa Lahore, ambao huu ulijengwa kwa kuuiga: mawe mekundu, makuba matatu meupe, ua unaomeza maelfu ya watu.

“Mfalme Aurangzeb aliujenga, na baada ya miaka mia tatu na hamsini bado umesimama!”

Marjan aligeuka. Ufa ambao mkandarasi alimwamuru auzibe wiki iliyopita, naye akauziba bila kuuliza, ulikuwa umefunguka tena na kupanda hadi kwenye kuba. Alitia kidole. Kikazama chote, na ndani kulikuwa na unyevunyevu.

“Mzee, tulia. Hotuba inaendelea,” jirani yake alimnong’oneza.

Juu yao saruji ikalia, taratibu.

Tangu utotoni Marjan alijua kwamba hotuba haikatizwi. Akasimama.

“Tokeni nje! Mimi ndiye niliyeuziba ufa huu. Tokeni!”

Watu mia nne waligeuka kumtazama. Hakuna aliyenyanyuka.