Zamu ya Bi Mkubwa

Sikuzani alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama sawasawa, akaitazama nyumba ya mke mwenzake kama mtu anayetafuta pa kuipiga jiwe.

"Taratibu basi, mama," alisema Eustakio, dereva, akijifuta jasho. "Leo chombo kimenitoa roho. Tangu Nachingwea kinavuta kama nimepakia gunia la korosho."

"Mimi ndiye gunia?"

"Wewe mwenyewe nusu debe tu. Ndiyo maana nashangaa."

Alimlipa, naye akageuza pikipiki akaondoka. Sikuzani hakucheka. Hakuwa amecheka kwa miezi minne na siku kumi. Eda ilikwisha jana, na leo, jua halijawa kali, ameshafika Malolo.

Mumewe, marehemu Adinani, alikuwa na wake wawili: yeye Nachingwea mjini, na Hafidha huku Malolo, Ruangwa shambani. Siku tatu kule, siku tatu huku. Mvua inyeshe, mto ujae, hakukosa zamu. Akafa siku ya tatu ya Hafidha, asubuhi. Kesho yake ilikuwa zamu ya Sikuzani. Kunde alikuwa ameshaziloweka.

Hilo angelimeza, kifo hakipangi. Lakini katikati ya eda ikaja habari kutoka sokoni, ikaletwa mpaka mkekani kwake: Adinani anamtokea Hafidha. Kila siku baada ya adhuhuri anakuja, anakaa, anaongea, anakula.

Kwake Sikuzani, hakuna. Si sauti, si kivuli. Wiki tisa alikaa ndani na habari hiyo, eda imemfunga, anaipika kifuani. Alimwita. Alimtukana. Alikikodolea macho kiti cha mumewe mpaka yakauma. Hata paka, aliyezoea kulala pale, siku hizi alikipita mbali. Akaona hata mnyama amekisusa.

Hafidha alikuwa uani, anapepeta ufuta. Alipoinua uso, ungo ukamponyoka.

"Yuko wapi?" Sikuzani aliuliza. Salamu aliiacha barabarani.

Hafidha alimtazama, akatazama nyuma yake, akamtazama tena. "Unaniuliza mimi, dada?"

"Nimwulize nani? Ufuta? Nimekuja kusema mbele yako: zamu yangu imeliwa. Siku tatu akiwa hai, miezi minne akiwa maiti, zote kwako. Dini gani hiyo?"

Vichwa viwili vya majirani vilichungulia juu ya ua wa mianzi. Hafidha akaviona.

"Huja mchana," alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Hukaa pale."

"Anakula nini?"

"Juzi... nilimchemshia ming'oko. Akamaliza sahani."

Sikuzani alisikia kama kapigwa kofi. Miaka ishirini na sita alimpikia mwanamume yule, na miaka yote ishirini na sita aliikataa mizizi hiyo ya porini, eti inamjaza tumbo. Kumbe kwa huyu inashuka. Kafa, kazikwa, na bado anajibadilisha kwa ajili ya huyu.

"Una nini wewe, hebu nijue? Ujana? Hata mimi nilikuwa nao. Nimemzalia wanne, tukazika wawili. Siku ya kumzika yule wa mwisho, baba yake alishindwa kusimama, mimi ndiye niliyemshika. Wewe hata jina la yule mtoto hulijui."

"Imrani," Hafidha alisema polepole. "Alikuwa akimtaja."

Hilo nalo likamwasha. Akaupiga teke ungo, ufuta ukatapakaa vumbini, ng'ambo ya ua mtu akaguna.

"Mwite. Aje aniambie kwa mdomo wake kwamba hanitaki. Akishasema, narudi kwangu, simlilii tena. Hitima wamsomee wengine."

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

Hafidha alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana, akashusha sauti ili majirani wasisikie.

"Sikuwahi kumwona. Nilidanganya. Matanga yalipokwisha tu, ndugu zake wakanitaka nitoe vyombo, nirudi kwetu Chunyu. Nikasema mwenyewe bado anakuja. Wakaogopa. Ndiyo nikabaki na nyumba."

Sikuzani aliutazama ufuta alioumwaga. Hasira ya wiki tisa, na sasa hana pa kuitua. Akatamani ule uwongo urudi. Angalau ndani yake Adinani alikuwa mahali fulani.

"Basi katuacha wote," alisema. "Mwanamume yule. Kwako hakuja, kwangu hakuja. Kaondoka moja kwa moja kama mpangaji."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nitasema. Amenisikia lini?"

Hafidha alirudi hatua moja nyuma. Hakuwa akimtazama yeye tena.

"Kwangu hajaja mpaka leo," alisema. "Lakini huyu uliyeshuka naye kwenye pikipiki, aliyekuwekea mkono begani muda wote huu, mimi nilidhani unamwona."