Kiwanja Kisicho na Chuma

Ambilikile hakuwa na gari, hakuwa na betri ya akiba, hakuwa na mtandao wa simu, na kufikia asubuhi hiyo pale kijijini Ruanda hakuwa na subira hata chembe. Kisima alichokipima karibu na Mlowo kilikuwa kimetoa vumbi tupu. Bosi wake kule Vwawa alimwambia waziwazi: kikikauka na hiki cha Ruanda, kazi basi.

Kazi yenyewe ya kutafuta maji haikuwa uganga. Mashine ilipeleka mawimbi ya sumakuumeme ardhini, kisha ikasoma jinsi ardhi inavyoukinza umeme. Mwamba mkavu hukinza sana. Udongo wenye maji hukinza kidogo. Kisima kilikuwa kimoja tu, na kila aliyetaka kichimbwe kwake alitoa kiwanja na kuchomeka kijiti mahali pa kupimwa.

"Na mashine hii hudanganywa na nini, mwanangu?" Tusekile alimuuliza siku alipofika, akimmiminia chai. Mjane huyo wa mfua chuma ndiye aliyempa chumba cha kulala.

"Chuma, mama," alijibu, akifurahi kuulizwa. "Ikikuta chuma ardhini, inasoma kana kwamba kuna maji."

Sasa kila kiwanja kilisomeka kama ziwa. Kwa Mbonile, mwanakijiji wa kwanza kupimiwa, namba zilianguka mpaka Ambilikile akaipiga mashine kofi. Akabadili waya. Akazima, akawasha. Ziwa lile lile.

"Si nilikwambia kwangu maji yapo?" Mbonile alichekelea. "Wewe leta mtambo wa kuchimba tu, acha kugombana na kidude chako!"

Ambilikile akanyakua sururu, akafukua penye kijiti. Likatoka jembe la kizamani lililoliwa na kutu.

Kwa jirani, jembe. Kwa jirani wa pili, majembe mawili yamelaliana.

"Mnanifanya mtoto!" alifoka. "Aliyezika chuma nimemfuta. Simpimii tena!"

Kikabaki kiwanja cha Tusekile. Humo hamkuwa na jembe wala msumari. Namba zake zilikuwa za wastani, si za kumfurahisha mtu, lakini zilitulia. Hapo hapo betri ikazimika.

"Angalau mmoja ana haya," alinung'unika.

Alirudi uani kwa mjane, akaandika barua kwa bosi wake: kisima kichimbwe kwa Tusekile. Bodaboda ya kwenda Vwawa ilikuwa tayari inanguruma nje. Alikuwa ameishika bahasha aifunge, Mbonile akaingia na jembe la kutu, akalibwaga miguuni pa mjane.

"Shika jembe la marehemu mumeo! Si ulitugawia majembe haya mwenyewe tuyazike, ukasema mashine inayapenda?"

Tusekile alimwongezea Ambilikile chai.

Ambilikile akaitazama mashine iliyozimika. Kisha akalamba gundi, akaifunga bahasha, akamkabidhi mwenye bodaboda.