Wageni wa Masika

Ili fukwe na mbuga zipumzike, watalii sasa walisambazwa nchi nzima kwa zamu. Kila kijiji cha Upare kilipewa wiki yake ya masika, na katika wiki hiyo msiba haukuruhusiwa. Elinazi, mume wa Namsifu, alifariki siku mbili kabla ya zamu yao.

"Pole sana, mama," alisema mtendaji wa kijiji. "Mzee atabaki mochwari mpaka Jumapili. Wakishaondoka tu, tunamzika."

Namsifu akavua kanga yake nyeusi, akabandika makande. Wageni wake walikuwa mtu na mkewe, wazee wapole waliopenda kukaa barazani wakitazama ukungu ukipanda mlimani.

"Baba mwenye nyumba yuko wapi?" yule bibi aliuliza siku ya tatu, kifaa cha shingoni kikimtafsiria.

"Amesafiri kidogo."

"Tungefurahi kumwona. Nyumba hii inaonekana ina mtu mwema."

Namsifu akaenda kuchungulia chungu, akasimama hapo mpaka makande yakaungua.

Jumapili wageni walimkumbatia, wakaondoka. Alikuwa ameshajifunga kanga nyeusi mtendaji alipopiga hodi. Mtendaji alishindwa kumtazama usoni.

"Wameisifu mno nyumba yako, mama. Wanasema hawajaona mahali penye amani kama hapa. Tumeongezewa wiki nyingine. Wengine wanaingia saa nane."

Namsifu aliitazama njia ya kwenda mjini, aliko mumewe. Kisha akaingia ndani kutandika kitanda cha wageni, kilichokuwa chake na Elinazi.