Mpishi wa Wifi

Picha ya biringani iliingia kikundini Jaji akiwa katikati ya kuponda vitunguu saumu, naye akaweka mchi kando ili aicheke kwa nafasi.

Jaji ndilo jina walilompa wanawake wa kikundi, kwa sababu kila jioni, walipotumiana kwa simu picha za wanachopika, yeye ndiye aliyetoa hukumu. Hukumu zenyewe zilikuwa fupi. "Mchuzi huu mtu anaweza kuogea." "Huyo kuku amepikwa au ametishwa tu?" Wenzake walicheka, kila mmoja akishukuru kwamba si sufuria lake.

Biringani zile zilikuwa za wifi yake, dada wa mumewe. Zimekolea rangi vizuri, zimepangwa kwenye sahani kama petali za ua, na chini yake maneno mawili: "Samaki anafuata."

Jaji akaandika: "Wifi, unapika au unapamba bibi harusi?"

Jibu likaja kwa upole, kama kawaida. "Asante, wifi. Pole kwa wali wa jana kuungua chini."

Jaji alishtuka. Jana alikuwa amepiga picha wali wa juu tu. Kisha akasonya. Ni mumewe, nani mwingine? Mwanamume yule hakuwa na siri mbele ya dada yake. Faida nyingine nyumbani hakuwa nayo. Akitoka ofisini anapitia kucheza drafti na makarani wenzake, anarudi na kidole kimefungwa plasta, eti kakatwa na karatasi, anakula matonge mawili na kusema ameshiba uchovu. Walipooana tu, aliwahi kuingia jikoni akitaka kukaanga mayai. Jaji alimcheka mpaka majirani wakasikia, akamnyang'anya mwiko. Tangu siku hiyo mwanamume alijua mwisho wake ni mlangoni.

Lakini leo kulikuwa na jambo zito kuliko biringani. Msusi, mwenzao wa kikundini, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na alitafuta mtu wa kusimamia jiko la harusi. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya Jaji. Kila sherehe yeye ndiye aliyeshika mwiko mkubwa na kuwafokea wengine, na bila mwiko ule hakujua angekaa wapi katika sherehe ya mtu. Sasa Msusi alikuwa ameanza kujiumauma.

"Dada, usinielewe vibaya," Msusi alisema, Jaji alipompigia simu. "Mwanangu mwenyewe ndiye anayemtaka wifi yako."

"Wifi yangu? Yule mtu wa benki? Kucha zile zimemenya kitunguu gani?"

"Lakini picha si tunaziona?"

"Za hotelini hizo! Ananunua, anamimina kwenye sahani zake, anapiga picha. Toka twende sasa hivi nikuonyeshe. Ukikuta jiko lina moto, harusi mpe yeye, na mimi nitamwoshea masufuria."

Msusi akafunga saluni. Njia nzima Jaji hakunyamaza: mara wifi hajui bizari, mara wifi alichemsha yai likapasuka.

Wifi aliishi ghorofa ya chini, na dirisha la jiko lake lilitazama uchochoro. Pazia lilifunika nusu ya juu tu. Kabla hawajalifikia walisikia mafuta yakichachatika.

"Moto upo," Msusi akanong'ona. "Dada, anapika kweli."

Jaji akainama achungulie chini ya pazia. Aliona aproni ya maua imefungwa kamba kwa nyuma. Chini ya aproni, suruali ya kijivu ya ofisini, na miguu mipana ya mwanamume ndani ya ndala.

Alitamani kupiga vigelegele. "Amekodi mpishi! Msusi, njoo uone, amekodi mwanamume!"

"Labda ni mgeni wake."

"Mgeni anajifunga aproni? Acha utoto, mwenzangu."

Akapiga picha pale pale dirishani, akaandika: "Wapendwa, huyu ndiye anayepika mnavyovisifia. Wifi yangu hajui hata chumvi inakaa wapi. Na huyu naye ni mwanamume gani, kujifunga aproni ya mwanamke? Anayemjua atuambie." Akatuma.

Simu ikaanza kutetemeka mkononi. Vicheko juu ya vicheko. "Ni nani huyo?" "Jaji, tuonyeshe uso!" Mmoja akaandika, "Maskini mkewe, sijui anajua!"

Jaji hakubisha hodi. Sebuleni wifi alikuwa amenyoosha miguu kwenye kochi, anapaka kucha rangi. Alipowaona aliruka, kichupa kikapinduka kwenye zulia.

"Wifi, nakuomba, kaeni kwanza. Tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Mwite mpishi wako atoke, Msusi amwone kwa macho yake. Au nimwite mimi?"

"Usimwite, wifi. Kwa heri yako mwenyewe, usimwite."

"Wewe mpishi!" Jaji akapaza sauti. "Toka huko, usijifiche nyuma ya masufuria ya watu!"

Mlango wa jiko ukafunguka. Mume wa Jaji alitoka akijifuta mkono mmoja kwenye aproni. Katika mkono wa pili alishika simu ya dada yake.

"Nimeiona picha," alisema taratibu. "Wanauliza ni nani. Niwajibu mimi kama kila siku, au leo utawajibu wewe mwenyewe, mke wangu?"