Mundu Ndani ya Nyasi

Msangi aliupiga teke mzigo wa nyasi ambao Nakijwa, mjane wa kaka yake, alikuwa ndiyo kwanza ameufunga.

"Mahindi yamekauka, shemeji. Zimebaki nyasi, na nyasi za shamba la kaka yangu ni zangu."

Nakijwa aliuinua mundu wake mkuukuu, ambao mpini wake ulishikizwa kwa mpira wa baiskeli, akamshushia begani kwa nguvu zote. Kilichomfikia Msangi kilikuwa mpini mtupu. Chuma kilichomoka, kikaruka, kikazama kwenye lundo la nyasi kavu.

Walitazamana. Kisha wote wawili wakapiga magoti, wakaanza kulifukua lundo kwa mikono, kila mmoja akiomba chuma kimkate yeye kwanza, ili akishike kabla ya mwenzake.